Naendesha

Naendesha lori la maziwa, Klaksvík hadi Tórshavn,
na nikisema naendesha
chagueni wenyewe maana.
Lita elfu kumi zinacheza mgongoni kwangu kama mimba,
na mbele kuna handaki, kilomita kumi na moja chini ya bahari.
Humo hamna kituo. Humo hamna kichaka.
Visiwani kwetu hamna kichaka popote:
ni nyasi, mawe, na kondoo wanaokukodolea macho.

Miezi kumi na minne. Aliyehesabu ni Bergtóra,
kwenye kalenda iliyo kando ya friji:
nukta nyeusi kwa siku mbaya,
nyekundu kwa siku ile nyingine
ambayo sikumwambia. Aliiona mwenyewe
kwenye weupe wa choo, nilipokawia kuvuta maji.
Mficha maradhi, haya.

Daktari wa kwanza, kijana wa zamu ya kiangazi kutoka Aarhus,
alinibonyeza hapa, akanibonyeza pale,
akaniuliza kama nina mawazo.
Ninayo, nikasema. Yote ni choo kiko wapi.
Akaandika: wasiwasi.

Wa pili akaniachisha ziwa,
mimi, mwenye miaka arobaini na mitatu.
Wiki sita nikasambaza kisiwa kizima
kitu ambacho sikuruhusiwa kukilamba.
Tumbo halikujua tofauti. Tumbo halina shukrani.

Mama mkwe akailaumu nyama,
ile ya kondoo tunayoikausha kwa upepo ghalani,
tuliyoitafuna tangu jino la kwanza.
Halafu akasema: mjomba wangu Dánjal
alikuwa na tumbo kama hilo.
Halafu akanyamaza.
Halafu akanimiminia kahawa ambayo sikuiomba.

Nina ramani isiyouzwa dukani.
Petroli ya Runavík: ufunguo umefungwa kwenye kijiko cha mbao.
Kanisa fulani, sitalitaja: mlango wa pembeni haufungwi.
Zizi la Sámal, ambaye haulizi.
Baada ya hapo, handaki,
na mimi nikiimba tarakimu kinyumenyume
huku jasho likinitiririka hadi kwenye usukani.

Wa tatu, Dokta Elspa, hakunibonyeza kwanza.
Aliketi. Akasema: usiku je, unaamka?
Swali dogo hivyo.
Mwaka mzima hakuna aliyeniulizia usiku.
Mara tatu, nikasema. Mara nne.
Wasiwasi hulala, akasema. Hiki hakilali.

Akanipa kikopo chenye kijiko kifunikoni.
Nilikibeba kando ya mkate wangu wa mchana,
mtu mzima, nimebeba mavi yangu
kwa uangalifu ambao sijawahi kubebea yai.
Kawaida ni chini ya hamsini.
Yangu ilikuwa elfu moja na mia tisa.

Nilifurahi.
Sijui nimweleze nani furaha hiyo:
kugeuka na kuona namba imesimama nyuma yangu, inanitetea.

Kisha ile dawa ya chumvi, lita nne, ladha ya limau iliyokufa,
na usiku ambao sitausimulia.
Kisha kitanda, ubavu wa kushoto, skrini.
Nikaona handaki.
Wallahi nililijua: taa mbele, kuta zenye unyevu,
kona, tena kona,
na hapa na pale wekundu
kama mahali maji yalipopata upenyo.
Pole pole hapo, nilitaka kumwambia, hapo pana utelezi.

Walichukua vinofu kumi na viwili.
Vimekwenda Copenhagen, ukungu uliporuhusu ndege.
Kuna majina mawili, alisema Elspa,
bado hatujui lipi ni lako.
Bergtóra ameshika kalamu, hajui atie rangi gani.

Leo nimesimama Runavík kununua kahawa tu.
Tumbo limetulia, lile jambazi.
Msichana wa petroli, kabla sijafungua mdomo,
amenisukumia kijiko cha mbao juu ya kaunta,
macho yake dirishani.
Nikakipokea. Nikaenda, nikasimama humo ndani dakika moja,
nikafungua bomba ili asikie maji.