Herufi za Somoe

Alipokuwa darasa la kwanza, Nanguruwe,
aliniachia karatasi chini ya kibatari:
"bba nimeda kolosho."
Nikaelewa. Nikamfuata hadi mkorosho wa tatu.

Hakuna aliyemchapa kwa ajili ya ile l.
Alisoma tu: pakiti ya sabuni,
kanga ya shangazi yake, mgongo wa gunia,
tangazo la chanjo mlangoni pa zahanati,
akipita na kidole, kisha bila kidole,
kisha midomo imefungwa, nikadhani amelala.

Ng'ombe akaota kapembe kake katikati ya jina.
Irabu zilizopotea zikarudi mojamoja
kama kuku jioni.

Juzi ghalani karani kaniandikia stakabadhi:
Chilumbu.
Kilo mia mbili na sita za mtu mwingine.
Somoe akachungulia chini ya kwapa langu:
"Hapa mwisho ni a."
Karani akafuta.

Mimi ningali nasema kolosho, nitazikwa nayo.
Yeye huandika korosho, r imesimama wima;
ila akiniletea bakuli, moto bado,
husema, "Baba, kula kolosho,"
na hajakosea.