Waya wa Plagi

Kabla ya lolote, Dwight Halvorsen huchomoa waya wa plagi,
akauweka mbali, kama mtu afungiaye mbwa mkali.
Ndipo huilaza mashine ubavu na kuingiza mkono
kukwangua nyasi mbichi zilizoganda tumboni mwake.

Oktoba, Duluth. Mialoni ilikuwa imepukutika usiku kucha.
Mimi, mgeni wa kazi, siku ya tatu, mwingi wa pupa:
kipulizia majani kimenizimikia, bomba linafuka,
na dumu la petroli nimeshalifungua.

"Weka chini," akasema. Hakupaza sauti.
"Iache ipoe. Kwa sasa moto wa kahawa unatosha."

Akavua glavu ya kushoto ashike kikombe.
Nikahesabu: kimoja, viwili, vitatu.
Sikuuliza. Akajibu:
"Nilidhani imezima.
Kisu hakijui kudhani."

Tukakaa kwenye ngazi za Bi Ostrander,
naye dirishani, anatutazama, anatazama saa.
Upepo wa ziwani ukaja ukalitawanya rundo letu lote.
Dwight akanywa. Akapuliza kahawa. Akanywa.

Mchana nilivaa miwani, nikaziba masikio.
Mtoto wa jirani alipotokea na baiskeli nikazima,
nikamngoja mpaka akata kona,
changarawe zimelala kimya miguuni pangu.

Jioni, peke yangu bandani,
niliiinamia mashine iliyopoa, tangi kavu,
hakuna anayeniona.
Nikachomoa waya.
Nikahesabu tena, polepole,
mpaka kumi.