Kwa Nini Sikununua Lile Jekundu

Umeninunia tangu Jumamosi, Kerubo.
Chai unainywa umesimama,
mlango unaufunga kwa adabu
iliyo kali kuliko kishindo.
Basi keti. Nitakwambia mara moja.

Lilikuwa jekundu, kweli. Hata mimi nina macho.
Viti vilinukia ndimu, redio iliimba,
na yule dalali wa Barabara ya Ngong, Gathuku,
aliifuta boneti kwa mkono wa shati lake
kama mama anayemfuta mtoto makamasi
kabla ya wageni kuingia.
"Kilomita elfu sitini," akasema.
"La mwalimu wa kike, Japani. Kazini na sokoni tu."
Nikaitazama pedali ya breki:
mpira umelika hadi chuma kinachungulia.
Lo, alikanyaga sana huyo mwalimu
kwa mtu wa kazini na sokoni tu.

Lakini si hilo lililonirudisha.
Wewe ulikuwa kwenye usukani, unajipiga picha.
Fundi Musembi alichomoa kijiti cha oili ya giaboksi,
akakipangusa kwa karatasi, akanusa,
kisha akanipa nami ninuse.
Oili nzima, alisema, ni nyekundu kama sharubati.
Hii ilikuwa nyeusi, yanuka maharagwe yaliyoungua
na mtu akaongeza maji akidhani hatutajua.

"Injini," akaninong'oneza, "hupiga kelele ikiumwa.
Giaboksi huumwa kama baba zetu:
hakuna neno, hakuna neno,
kisha siku moja hainuki kitini."

Tukaliendesha. Likiwa baridi lilikwenda kama siagi.
Dalali akatabasamu.
"Bado halijapata moto," akasema Musembi.
Tukapanda Upper Hill, tukashuka, tukapanda tena,
dakika arubaini, Gathuku anatazama saa,
wewe unabadilisha stesheni.
Kisha pale kwenye taa, karibu na hospitali,
kijani ikawaka, Musembi akakanyaga,
injini ikanguruma

na gari halikwenda.

Moja.
Mbili.

Ndipo likashtuka, likaruka mbele
kama mtu aliyeitwa jina lake usingizini.
Wewe hukuona. Ulisema,
"Mama, limeshika simu yangu!"

Sekunde mbili, mwanangu.
Nazijua hizo.
Nilimuuliza baba yako swali, mwaka ule
alipokuwa akijiandaa kwenda Eldoret
kwa ile kazi ya miezi mitatu.
Alijibu vizuri. Alijibu akicheka.
Ila jibu lilichelewa hivyo hivyo.

Nawe unatoka wodini saa nne usiku.
Nimekwisha kukuona pale Southern Bypass,
taa za dharura zinapepesa,
malori ya saruji yanakupita yakitikisa vioo,
mguu wako uko chini kabisa
na gari linanguruma papo hapo.
Zile ni pesa za chama. Miaka sita,
mia tano, mia tano, hata ule mwezi
tuliokula sukuma na chumvi.
Sikuziweka ili nikununulie sekunde mbili.

Ndiyo maana liko nje hili la rangi ya uji,
kioo cha kushoto kimefungwa kwa waya,
gia za mkono, klachi nzito
kama pampu ya kisima.
Rafiki zako watacheka, najua.
Musembi amelala chini yake saa nzima,
ametoka na vumbi mgongoni na neno moja: "Chukua."
Kila gia huitika
kabla hujamaliza kuita.

Jana usiku nilikuona kutoka dirishani.
Ulilizunguka mara mbili,
ukalipiga tairi teke,
si kwa hasira nyingi.

Litakuzimikia. Kilima kile cha shuleni
litakuzimikia mara kumi,
na nyuma watapiga honi kama wanaoza binti.
Waache wapige.
Achia klachi taratibu, sikiliza kwa unyayo,
kuna mahali linakushika. Utapajua.

Funguo ziko kwenye bakuli la vitunguu.
Maliza chai kwanza.