Mara Ishirini na Sita

Kazi yangu ni kuangusha.
Watoto dunia nzima hugombezwa kwa hilo,
mimi nalipwa mwisho wa mwezi,
na bima ya meno juu yake.

Oulu, Januari. Jua lilichungulia saa nne
likaghairi. Maabara ina taa zake.
Kwenye beji wameandika: T. Karppinen, Uimara,
kana kwamba nimeolewa na Uimara.

Pande sita, kingo kumi na mbili, kona nane.
Jumlisha: ndizo mara ishirini na sita
mkono wa mashine hukiachia kitu
kutoka usawa wa kiuno hadi kwenye bamba la chuma.

Aluminiamu kwanza, kipenzi cha Joonas wa usanifu.
Inang'aa kama samaki aliyetolewa chini ya barafu,
joto la betri inalipokea na kulimwaga nje upesi,
ila mawimbi hayapenyi:
nyumba isiyo dirisha, hodi haisikiki ndani.
Basi huichonga ufa mwembamba ubavuni,
wakauziba kwa plastiki,
na mnunuzi hudhani ni urembo.
Ikianguka haivunjiki. Inabonyea
na kinyongo hauachi.

Magnesiamu: nyepesi hadi kiganja kinashuku kimeibiwa.
Unga wake ukidaka cheche
usikimbilie maji. Kimbilia mlango.

Kioo, ufunguo haukikwaruzi.
Miaka kumi na tisa nawaambia vijana
ugumu si uimara.
Kigumu hukataa, hukataa, hukataa,
kisha mara ya tisa
hukubali kila kitu kwa mpigo mmoja.

Ile plastiki ya bei rahisi, ya rimoti na birika,
huota umanjano juani kama meno ya mvutaji.
Niliilaza kwenye kabati la baridi,
nyuzi thelathini chini ya sifuri;
asubuhi ikalia kama biskuti.

Polikaboneti hupinda, ikarudi.
Naipenda, siifichi aibu yake:
inakwaruzika kwa sarafu,
na losheni ya mikono, losheni tu,
huipasua taratibu pale skrubu ilipoibana.

Joonas aliwahi kuleta gamba la mti wa betula,
amelichonga mwenyewe, wikiendi mbili.
Shavuni lilikuwa na uvuguvugu hata kwenye theluji.
Kwenye kabati la unyevu likavimba,
kitufe kikanasa.
Alilifunga ndani ya skafu akaenda nalo nyumbani
na hakuna aliyemtania.

Jumatatu, kikaoni, alisema aluminiamu inauzika:
mkono wa mteja huamua kwa sekunde tatu, dukani.
Nikauliza, mkono upi?
Mwandishi wa kumbukumbu alikuwa anamimina kahawa.

Mikono ya Veikko wangu inatetemeka tangu vuli ya juzi.
Kijiko, kikombe, funguo za gari tuliloliuza.
Chuma kilichong'arishwa humponyoka kama sabuni.
Hucheka: "Waambie waniajiri mimi,
wauze mashine."

Kwa hiyo fomu yangu ilisema:
polikaboneti, imevishwa mpira wenye chembechembe,
ule mpira mbaya, unaookota vumbi la mfukoni,
usio na picha nzuri kwenye tangazo.
Chini, penye nafasi ya sababu, niliandika
"mshiko".
Neno moja. Nafasi ilikuwa ya mistari sita.

Usiku huo, jikoni, nikiwa nimegeukia jiko,
nilisikia ikitua kwenye vigae.
Sikuhitaji kutazama:
kona, ya chini, kushoto.
Iliruka kidogo, ikatulia.
Nikamsikia akiinama, polepole,
goti lake likilalamika,
nami nikaendelea kukoroga supu
ili aiokote mwenyewe.

Midomo yangu, bila kuniomba ruhusa,
ilishasema:
ishirini na saba.