Mshono wa Bawa

Sindano ya Ngaire ni ndefu kama kijiti cha mshikaki.
Kitani kimevutwa juu ya mbavu za msonobari,
fundo kila inchi tatu.
Midomo inahesabu, sauti haitoki.

Jana, alipolivua bawa nguo yake kuukuu,
alikuta jina la penseli kwenye ubavu wa nne:
Dulcie, 1917. Na namba ya nyumba.
Hakulifuta.
Kalifunika tena, kama unavyomfunika aliyelala.

"Ipelekeni makumbusho ikapumzike," husema mwanawe, Rawiri.
"Ilibeba mabomu, mama, si maua."
Anajua. Anakaza uzi.

Jumamosi injini inakohoa,
inatema moshi wa mafuta ya nyonyo;
kondoo wa Wairarapa wanatimka,
na Dulcie, ambaye labda hakuwahi kupanda,
yuko juu.