Kibano cha Pua

Mlangoni mwa chumba namba sita
navaa glavu, navaa koti,
kisha kibano cha plastiki puani,
kile cha waogeleaji, rangi ya chungwa,
maana dawa yenyewe ni harufu
na nisijue chupa ipi ina sandali
na ipi ni mafuta matupu yasiyo na neno.

Gertruda Wrazidło hahitaji kibano.
Pua yake ilifungwa majira ya baridi, miaka sita sasa;
mafua ya wiki mbili yaliondoka na ufunguo.
Supu yake ya unga uliochacha anaipika kwa kukisia,
na usiku ule gesi ilipovuja jikoni
jirani wa chini ndiye aliyegonga dari kwa kiatu
mpaka akaamka.

"Mmeniokota kwa sababu ya kasoro," anasema.
Ndiyo. Hawezi kubahatisha chupa hata akitaka.
Anapandisha mguu juu ya kigoda.
Kidonda ndugu, na kweli kimekuwa ndugu:
kinakula naye, kinalala naye,
kilimsindikiza Alojz makaburini
na kikarudi naye kwenye tramu.

Namweleza kama nilivyoelezwa mimi.
Ndani ya ngozi, bibi, mna vipokezi
tuliodhani ni mali ya pua peke yake.
Kumbe vimetapakaa mwilini.
Figo inavyo: inanusa yanayochachushwa na vijidudu vya utumbo,
kisha inagusa shinikizo la damu, juu au chini.
Mbegu ya mwanamume inavyo.
Moyo unavyo,
wala hatujui vizuri moyo unanusa nini.

"Wa Alojz ulinusa bia," anasema,
"hata iliyokuwa bado dukani."

Kufuli moja, nyumba nyingi.
Mtu akichonga ufunguo barabara
huenda akaiambia ngozi: kua, fumba.
Huenda akauambia uvimbe: basi, inatosha.
Lakini ufunguo hauna adabu,
hufungua na nyumba ambayo hukuikusudia,
wenyewe wamelala.
Ndiyo maana tunakwenda tone kwa tone,
Jumanne na Ijumaa,
na fomu za kusaini ni nene kuliko bandeji.

Jambo moja simwambii.
Kwamba ngozi haijui sandali.
Haina bustani, haina kanisa,
haina sanduku la mama lililofunguliwa siku ya sikukuu.
Kitu kinagusa kitu, mlango unaachia,
na seli zinaanza kutambaa kuelekea ukingo wa pili
kama wachimbaji makaa wa hapa Zabrze, zamu ya usiku,
kila mmoja mkono ukutani,
hakuna anayeona, hakuna anayepotea.
Harufu ni jina tulilolitoa sisi wenye pua.
Au ndivyo ninavyofikiri nikiwa nimebanwa hivi,
napumua kwa mdomo kama samaki sokoni.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Kikunusacho je? Hicho ki ndani zaidi,
na hakijawahi kukuuliza ruhusa.

Nasafisha. Matone matatu.
Yanatandaa juu ya wekundu na kutulia.
Anainama kuelekea mguu wake,
anavuta hewa ndefu, kwa mazoea tu,
kama mtu anayebonyeza swichi
katika nyumba aliyokwisha kukatiwa umeme.

"Haya, sema kweli," ananiambia.
"Leo nanuka, au nanukia?"

Sauti yangu inatoka kama ya bata:
"Sijui."

Anacheka mpaka kigoda kinayumba,
mpaka nesi anachungulia mlangoni.
Wawili sisi, na hakuna pua hata moja chumbani.
"Basi," anasema akifuta macho,
"uliza mguu."

Nainama na rula.
Milimita kumi na tisa.
Jumanne ilikuwa ishirini na moja,
au mkono wangu ulitetemeka.
Naandika kumi na tisa.