Injinikufa

Kwenye karatasi za wilaya tunaitwa Mwalo wa Tisa.
Hapa ufukweni hakuna anayetamka hivyo.
Sema Injinikufa, hata mbuzi watageuka.

Berocan alitoka Panyimur na magunia saba ya chumvi,
anakwenda Butiaba, ana deni, ana haraka.
Injini ikakohoa mara mbili chini ya jabali hili
ikanyamaza.
Kuleta plagi, walisema, siku mbili. Ikawa wiki tatu.
Na mtu mwenye chumvi, ngege wakiruka mbele ya macho yake,
atafanya nini? Akapasua samaki. Akatia chumvi.
Plagi ilipofika aliitia mfukoni.

Kisha akateremka Kabasinguzi, sufuria kichwani,
mgongoni mtoto (mtoto huyo ni mimi)
na unga wa kukopa, kilo kumi.
Chapati ya kwanza aliiuza kwa samaki wawili,
ya pili kwa habari.

Wakaja waliojua kufuma nyavu, na waliojua kuzikata usiku.
Wakaja wa ng'ambo, Wakongomani, na redio na vitenge.
Akaja Uyirwoth fundi, aliyepima mbao kwa shibiri
asikosee hata upana wa ukucha.
Tukapata msikiti wa matete, kanisa la turubai,
kibanda cha video kabla ya choo.
Ndiyo maana kipindupindu kilitukuta.
Tulizika kumi na mmoja, kule juu penye mawe,
na jioni ile Berocan,
aliyesema kila mwaka "mwakani narudi kwetu",
alinunua mabati.

Mimi nashika mizani.
Nimeandika sangara wa kilo sitini,
nimeandika muziri kwa beseni.
Miaka hii naandika beseni tu.
Ziwa lilipopanda lilichukua safu ya mbele:
jiko la mama, duka la nyavu, mizani ya kwanza.
Tukarudi nyuma hatua mia, jabali likatugusa mgongo.
Baada ya hapo hakuna nyuma.

Injini ipo bado, majini, kina cha kiuno.
Wavulana hufungia hapo kamba za mitumbwi
na hawajui ni nini; wanaiita jiwe.
Plagi ninayo mimi, kwenye droo, pamoja na risiti,
haijawahi kuona cheche.

Juzi mgeni mmoja mwenye kalamu aliniuliza
mwalo huu ulianzishwa na nani.
Nikamwambia subiri,
kuna beseni mbili bado sijazipima.